Mlima Usiokuwamo kwenye Telefone

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tumefungua mwaka wa shule, na darasa la sita halipo. Mvua ya Jumamosi iliangusha ukuta wa upande wa mlimani, ukuta ukavuta paa, na asubuhi tukakuta nyasi na fito zimelala juu ya madawati. Ashukuriwe Mungu haikuwa siku ya masomo. Watoto wa sita nimewahamishia kwenye veranda ya kanisa, na mwalimu wao Victorine anawafundisha pale huku kuku wakipita katikati ya hesabu.

Ni mwaka wangu wa nne kuwa direktrisi, mwalimu mkuu, hapa, kwenye mteremko juu ya Wamaza. Nilipotoka Kasongo mjini, kwa kaka yangu Kamaldine mwenye duka la vitambaa, nilisema nakuja kwa mwaka mmoja tu. Kamaldine bado ananiuliza kama mwaka huo umeisha.

Jumatano, 10 Septemba

Mkaguzi amekuja. Ametazama ukuta ulioanguka, ametazama kuku wa veranda, akasema: mkipata darasa la matofali ya kuchoma kabla ya likizo ya Noeli, sawa. Msipopata, darasa la sita litahamia kule chini, mjini Wamaza.

Kule chini ni kushuka bonde na kuvuka mto ambao mvua ikinyesha haupitiki. Ninawajua kwa majina wasichana watakaobaki nyumbani.

Papa Théophile, rais wa kamati ya wazazi, amepiga matofali tangu ujana wake. Alisimama akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba udongo umeshaingia. "Madame, matofali tutapiga. Udongo iko, kuni iko, mikono iko. Tunakosa jua tu."

Nikafungua telefone nikawaonyesha: jua, jua, jua, hadi wiki ijayo. Wazazi waliipigia makofi telefone yangu.

Jumapili, 14 Septemba

Waliotoka misa wamekuja, Waislamu tumekuja, wote tope hadi kwenye magoti. Uwanja umejaa matofali mabichi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii kilichotengenezwa kwa matope.

Alhamisi, 18 Septemba

Telefone inasema jua. Mvua ilianza baada ya saa saba mchana.

Tulikimbia na majani ya ndizi, na mikeka, Victorine alivua hata kitenge cha juu akayafunikia. Haikusaidia. Matofali yalianza kuvimba pembeni, yakalegea, yakarudi udongo mbele ya macho yetu. Watoto walikuwa wanalia. Mimi sikulia kwa sababu mimi ni direktrisi.

Papa Théophile alisimama katikati ya uwanja, maji yakimchuruzika kwenye ndevu. "Madame, ile telefone yako inakaaka wapi? Kwa maana hapa haikai."

Ijumaa, 19 Septemba

Matope.

Jumamosi, 27 Septemba

Amekuja mtu na pikipiki, ametapakaa tope hata sikuweza kujua shati lake lilikuwa la rangi gani. Anaitwa Iliasi. Ni mtu wa hali ya hewa, anafanya kazi Kinshasa, lakini amezaliwa Kasongo, mtaa wa pili kutoka kwetu, na nikamkumbuka mama yake aliyekuwa anauza mandazi. Amebeba vipimamvua vyeupe kama ndoo nyembamba, na kifaa kinachozungumza na setilaiti kikakuambia uko wapi na kwa kimo gani. Atakaa msimu mzima akipima milima kati ya Kasongo na Kabambare.

Aliomba kusimika kipimamvua kimoja shuleni.

"Wewe ndiye unayeweka jua kwenye telefone yangu?" nikamuuliza.

"Hapana, Madame Direktrisi. Mimi nimekuja kujua kwa nini linawekwa."

Alicheka. Sikuona cha kuchekesha. Viatu vyake ni vya mtu asiyejua Wamaza.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimemruhusu aeleze darasa la sita. Nilikaa nyuma ya veranda nikiwa tayari kumsahihisha.

Aliomba ungo na mchele. Akamwaga mchele ukawa kichuguu. "Huu ndio mlima wenu." Watoto wakakubali. Akasema kule ziliko kompyuta kubwa, watu wameitengeneza dunia nzima ya hesabu: hewa, bahari, jua, mawingu. Wanaiita modeli. Lakini dunia ni kubwa, na kompyuta hata ikiwa kubwa ina mwisho wake, kwa hiyo wameikata dunia vipande vya mraba, na kila kipande wanakipa kimo kimoja tu. Kipande chetu kinaanzia kwenye tambarare za chini kikapanda hadi huku juu. Wanachukua juu na chini, wanagawanya. Akaweka kiganja juu ya mchele, akausawazisha polepole ukawa bapa kama mkate.

"Kwa hiyo kwenye telefone ya Madame," akasema, "mlima huu haupo."

Veranda ililipuka. "Haupo namna gani? Mulima iko! Iko pale!" Kila mkono ulinyooshwa. "Sisi tunaupandaka kila siku!" Mmoja aliuliza kama na yeye hayupo. Mwingine alitaka kujua kama nyumba ya bibi yake, iliyo mgongoni mwa mlima, inaelea hewani.

Iliasi alingoja wachoke, akaurudisha mchele kuwa kichuguu na kuupuliza. Upepo wenye maji, alisema, ukigonga mlima hupanda, ukipanda hupoa, ukipoa hutoa mvua. Kompyuta haina mlima wa kugonga, basi upepo wake unapita tu kama mtu anayepita sebuleni, na inatuandikia jua. Na upande wa pili wa mlima, mahali ambapo mvua imekwisha kumwagwa, inaandika mvua ambayo haitafika.

Sikupata cha kusahihisha. Victorine aliniangalia akatabasamu kwa namna isiyonipendeza.

Jumamosi, 4 Oktoba

Iliasi anasema wenzake Kinshasa wanaendesha modeli nyingine yenye vipande vidogo zaidi, na humo mlima wetu upo. Vimo vyake vimepimwa na setilaiti. Atawaandikia. Mtandao wa kutosha kutuma kazi yake unapatikana juu ya jiwe moja tu nyuma ya kanisa, na anakaa pale kama mjusi.

Jumatano, 8 Oktoba

Jibu limekuja: kuanzia Ijumaa upepo utatoka mashariki, mlima utatukinga, siku kavu mfululizo. Papa Théophile amekuna kidevu. Amekubali.

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika kwa hasira, msomaji wangu anisamehe, ingawa msomaji ni mimi.

Ijumaa tulipiga matofali. Jumamosi tukapiga tena. Jumapili na jana jua lilikuwa kali, matofali yakaanza kuwa meupe pembeni, na Papa Théophile alishaanza kuchagua mahali pa tanuru. Leo mchana nilisikia mlio kutoka upande wa Pengo, lile bonde jembamba linalokata mlima sehemu mbili. Nilifikiri ni lori. Ilikuwa mvua. Ilitoka Pengoni moja kwa moja kama mtu aliyefunguliwa mlango, ikavuka mashamba ya mihogo, ikaja kukaa juu ya uwanja wetu. Kulia kwetu jua, kushoto kwetu jua.

Iliasi alikuwa amebeba matofali kifuani, mawili mawili, akiyakimbiza verandani. Yalimvunjikia mikononi. Nilimkuta amesimama, tope likimteremka tumboni, na mbele ya wazazi wote nikampigia kelele. Nilimwambia achukue ndoo zake nyeupe aende nazo. Nilimwambia watoto hawa si mchele wa kuchezea kwenye ungo. Papa Théophile alitazama miguu yake.

Iliasi hakujitetea. Alisema, "Una haki, Direktrisi. Mimi ndiye niliyesema pakavu." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Ilitokea wapi hasa?"

"Kwenye Pengo!" nikasema. "Kila mtu anajua!"

"Pengo gani?"

Hapo nikaona uso wake umebadilika. Alitoa kompyuta yake kwenye mfuko wa plastiki, tukasimama verandani, akanionyesha mlima wetu kwenye kioo, rangi ya kijani na kahawia. Ulikuwa mzuri na wa mviringo kama mgongo wa ng'ombe. Haukuwa na Pengo.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuondoka. Ndoo nyeupe bado iko.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimempeleka Pengoni mwenyewe. Victorine alipaswa kuja nasi, asubuhi akaugua ghafla, na nilimsikia anaimba nikiwa bado sijafika njiani.

Tulipanda kupitia mashamba, kisha msitu. Viatu vyake vilimtupa mara nyingi. Mara ya kwanza nilijizuia nisicheke, mara ya pili nikashindwa, mara ya tatu yeye mwenyewe alianza kucheka kabla hajafika chini. Ndani ya Pengo ni giza la miti. Miti ni mirefu hata ndege wa juu wanasikika kama wako kijiji kingine. Iliasi aliweka kifaa chake juu ya jiwe, tukangoja kipate setilaiti za kutosha.

Kisha akakaa chini, akashika kichwa, akaanza kucheka peke yake.

"Nini?"

"Setilaiti iliangalia kutoka juu, ikaona majani ya miti. Ikafikiri ni ardhi." Alinyoosha kidole juu. "Imepima vichwa vya miti, Latifa. Pengo lenu limejazwa miti."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nilijifanya sikusikia.

Tulipokuwa tunakula mihogo ya kuchoma alieleza sababu ya pili. Mlima wenye makali unavuruga hesabu za kompyuta, kama jiwe linavyovuruga mto, kwa hiyo wenzake huulainisha kwanza kabla ya kuanza. Bonde jembamba ndilo la kwanza kupotea. Miti ililijaza nusu, na ulainishaji ukamalizia. Upepo wa mashariki kwenye kompyuta ulifika ukakuta ukuta. Upepo wa kweli ulikuta mlango.

"Kwa hiyo unaweza kuurudisha mlango?"

"Nikipata vimo vya kweli, vya chini ya miti. Vingi. Peke yangu siwezi."

Nilimwomba radhi kwa yale ya Jumanne. Alisema ilikuwa mara ya kwanza kazi yake kumuuma mtu kiasi hicho, na kwamba Kinshasa mvua isiyotabiriwa inaharibu mstari kwenye grafu tu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Darasa la sita limekuwa la wapimaji. Wazazi wanaokwenda shambani wanabeba kifaa kwa zamu, wanakiweka mahali Iliasi alipoonyesha. Mama mmoja amekitengenezea kofia ya majani kisipigwe na jua.

Jumapili, 2 Novemba

Papa Théophile alikuwa hajamsemesha Iliasi tangu siku ile. Leo alimjia jiweni, kwenye mtandao, akamwekea kalibu ya matofali magotini.

"Unangoja jibu ya Kinshasa?"

"Ndiyo, Papa."

"Mikono yako nayo inangoja?"

Amemfundisha kupiga matofali. La kwanza lilitoka limeinama kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Papa Théophile aliliinua wote walione. "Ingenieri, hii pia umeilainisha?" Nimecheka hadi machozi. Iliasi naye.

Jumanne, 11 Novemba

Vimo vimetumwa. Jiwe lina joto kwa kukaliwa.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua jana, mvua leo. Iliasi alikuwa ametuonya zote mbili, na ya leo alisema itapita Pengoni. Ilipita Pengoni. Watoto wamelitungia Pengo wimbo.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo ilibidi niamue.

Modeli mpya, yenye Pengo, inasema kuanzia kesho upepo utageuka kutoka kusini-mashariki. Huko mlima umekunja mkono wake, na Pengo halitazamani na upepo huo. Mvua itanyesha sana, alisema Iliasi, lakini itamwagika mgongoni mwa mlima, na nyingine chini kwenye tambarare kuelekea Kasongo. Sisi tutakuwa kwenye kivuli.

Telefone yangu inaonyesha radi kila siku ya wiki nzima.

Kamati ilikutana verandani. Udongo mzuri wa karibu ni wa kupiga mara moja tena, basi. Kuni pia. Na mitihani iko karibu. Mzazi mmoja alisema: "Tulipoambiwa jua, ilinyesha. Sasa tunaambiwa radi, ndiyo tupige matofali?" Watu wakacheka, ila si kicheko cha kunikubalia.

Nilimuuliza Iliasi mbele yao: "Una hakika?"

"Hapana," akasema. "Mtu wa hali ya hewa akikuambia ana hakika, mukimbie. Mara ya kwanza sikulijua Pengo. Labda kuna kitu kingine sikijui. Lakini kama darasa lingekuwa langu, ningepiga kesho asubuhi."

Mwezi wa tisa jibu hilo lingenikasirisha. Leo nililiamini kwa sababu ya ile "hapana".

"Tunapiga," nikasema.

Papa Théophile alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

Jumapili, 23 Novemba

Jua. Kule chini, tambarare yote imefunikwa na pazia jeusi la mvua. Watoto wanakimbia ukingoni mwa uwanja kuiangalia, halafu wanatazama vivuli vyao wenyewe chini, vikavu, wanapiga kelele.

Kamaldine amepiga telefone kutoka Kasongo: maji yamejaa barabarani hadi mlangoni mwa duka. "Na ninyi huko mlimani mmekwisha kuzama?" Nikamwambia ninatafuta kofia.

Jumanne, 25 Novemba

Mchana wingu moja liliruka mlima. Tone kwenye mkono wangu, tone kwenye tofali, tone. Shitingi za plastiki zilitoka majumbani, mikeka, mashuka ya arusi, hata mapazia ya kanisa, padri mwenyewe akiwa ameshika upande mmoja. Tulisimama wote tumeshikilia pembe, tunatazama juu. Iliasi alikuwa ng'ambo ya shuka langu, uso umekuwa wa majivu.

Wingu likafikiri. Kisha likaenda zake.

Ijumaa, 28 Novemba

Tanuru imewashwa. Moshi unapanda wima. Victorine anafundisha sarufi huku kikohozi kikimkatiza, na anasema ni sarufi tamu kuliko zote.

Jumatano, 3 Desemba

Tumefungua tanuru. Papa Théophile alitoa tofali la kwanza, akaligonga kwa kidole, likalia kama kengele. Jekundu! Jekundu hadi ndani. Alilipitisha mkono kwa mkono mpaka kwangu, lilikuwa bado na joto, na hapo mbele ya watu wote direktrisi alilia.

Jumamosi, 13 Desemba

Kuta zimefika juu. Mabati yamepanda mlima kwa pikipiki, yamefungwa ubavuni kama mabawa. Mitihani imekwisha; darasa la sita wamefanya vizuri, isipokuwa kwenye swali la jiografia lililosema sehemu yetu ni tambarare. Wote waliandika kwamba swali limekosea.

Ijumaa, 19 Desemba

Mkaguzi alikuja kwa ajili ya uzinduzi. Aligonga ukuta, akautegemea kwa bega, akatia sahihi. Darasa la sita linabaki hapa.

Watu walikuwa wengi kuliko madawati. Kulikuwa na wali wa Kasongo na samaki walioletwa kutoka Nyangwe, na Kamaldine amekuja mwenyewe na kitambaa cha mapazia. Katikati ya hotuba ya Papa Théophile mvua ikashuka juu ya mabati, mvua ile ya kuziba masikio. Hotuba ikafa. Watu wakabaki wanakula na kucheka, kila mtu akimpigia kelele jirani yake sikioni, na hakuna tone lililoingia.

Iliasi alisogea karibu yangu. Wiki ijayo anapaswa kurudi Kinshasa, nilikuwa najua, na tangu asubuhi nilikuwa najishughulisha na masahani. Aliinama akasema kitu.

"Sisikii!" nikamwambia.

Akasema tena. Nikatikisa kichwa na kuonyesha mabati. Akavuta pumzi, akapaza sauti yake yote, na mvua ikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa, ili Wamaza nzima isikie:

"NIRUHUSU NILETE POSA KWA KAKA YAKO!"

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mabati yalikuwa yanadondosha tone moja moja. Mkaguzi alikuwa ameshika samaki hewani. Kamaldine aligeuka polepole kabisa.

Papa Théophile ndiye aliyesema kwanza. "Ingenieri, hii hukuitabiri."

"Hapana, Papa," akasema Iliasi. Masikio yake yalikuwa mekundu kama tofali. Lakini hakuniondolea macho.

Watoto wote wa darasa la sita waliniangalia kwa namna wanavyoangalia ubao nikiwa karibu kuandika jibu. Nilikuwa na sahani mkononi. Nikaiweka chini.

"Kaka yangu yuko pale," nikasema. "Yuko umbali wa hatua chache, na leo amekula vizuri. Ukingoja kesho atakuwa na njaa."

Kelele iliyofuata sijui niiandikeje. Victorine alinikumbatia hadi kilemba kikatoka. Madawati yalipigwa, watoto waliimba wimbo wa Pengo wakibadilisha maneno, na Iliasi alikuwa anavuka darasa kumwendea Kamaldine, akijikwaa kwenye miguu ya watu, huku juu yetu mvua ikianza tena.